Mwaka Nilioitwa Lagos

Nimeshika mashine ya kunyolea tangu nikiwa na miaka kumi na sita, na nasema bila aibu: Durban hii hakuna mkono kama wangu. Nina saluni tatu. Vijana kumi na wawili wanakula kwa mashine nilizonunua mimi, mtu wa darasa la nne. Mawakili wa Westville wanaegesha magari yao nje na kusubiri ili niwachonge mstari wa paji la uso mimi mwenyewe, si kijana wangu. Nayaweka haya mbele ili msomaji ajue anayeandika si mtu wa kuogopaogopa. Basi, Jumanne iliyopita, mchana kweupe, mwanamke mmoja aliyevaa nyeusi aliingia, akaweka kwenye meza yangu, kati ya poda na chupa ya spiriti, kinasa sauti kidogo cheusi chenye urefu wa kidole. Nilikaa kwenye kiti cha wateja, kiti changu mwenyewe, na sikumbuki ni lini nilikuwa nimekikalia. “Anko Lagos,” akasema, “mimi ni Adaeze, dada yake Kelechi. Nimekuta hiki kwenye vitu vyake. Kimeandikwa jina lako.” Kweli, ubavuni palikuwa na kipande cha plasta, na juu yake neno moja kwa kalamu ya bluu: Lagos. Kaka yake alikuwa amefariki Johannesburg wiki mbili kabla, presha, na mwili ulikuwa umesharudishwa kwao. Jumamosi hii watu wake wa Durban wanakutana kwenye ukumbi wa kanisa kumkumbuka, na dada mtu alitaka nisimame pale nisimulie ile habari ambayo kila mtu anaijua, habari ya kinyozi jasiri na chumba kitupu.

Mimi si Mlagosi. Jina langu ni Faustin, natoka Uvira, Kongo, na mambo ya nyumbani nitayaacha huko huko, kila mtu ana yake. Nitaeleza mwaka mmoja tu, 2015, nilipokuwa kijana na saluni yangu ilikuwa nusu ya chumba nyuma ya stendi ya teksi za Warwick. Nusu ya mbele ilikuwa yangu: kiti kimoja kilichopasuka ngozi, kioo, redio, picha za vichwa zilizopewa namba ili mteja aseme tu “nipe namba saba”. Nusu ya nyuma, ng'ambo ya pazia la maua, ilikuwa ya Mama Odette, Mkongo mwenzangu, aliyekuwa anasuka wanawake na kupika kwenye jiko dogo la umeme. Harufu ya sombe, yaani kisamvu, na mafuta ya nywele ilikuwa moja, mpaka leo siwezi kula sombe bila kusikia harufu ya kichwa cha mtu. Na juu ya mlango, ubao wa kijani, nyeupe na kijani, rangi za bendera ya Nigeria, na maandishi makubwa: LAGOS. Niliuandika mimi. Nilikuwa nimegundua kitu ambacho waliosoma hawakugundua. Vijana wa mji huu, wenyeji kwa wageni, walikuwa wamelewa Unigeria: filamu zao, nyimbo zao, zile suruali za kubana, ule mwendo wa kutembea kama barabara umeijenga wewe. Mteja akiniuliza natoka wapi nikajibu Kongo, ananyamaza, anaanza kunionea huruma na vita vyetu. Nikijibu Lagos, anacheka, ananipa mkono, anaagiza mtindo wa bei ya juu. Basi nikawa wa Lagos. Nilijifunza Kiingereza chao kwenye filamu, nikajipa nyumba ya ghorofa mbili, nikajipa na baba mwenye magari. Sikuwa najua hata Nigeria imekaa upande gani wa ramani.

Mtu wa kwanza kunikamata alikuwa Kelechi. Aliingia siku moja na viatu vyekundu, miwani juu ya kichwa, sauti imemtangulia mlangoni, akanisemesha lugha ya kwao. Nikakohoa. Akaongeza. Nikakohoa tena, nikainama kama natafuta kitana. Alicheka mpaka akashika fremu ya mlango. Tulikuwa tunaongea Kiingereza cha barabarani, hapa nakitia Kiswahili. “Ndugu yangu,” akasema, “Lagos yako wewe iko mtaa gani?” Nikamwambia ukweli kwa sauti ya chini, wateja wasisikie. Akafuta machozi ya kicheko, akasema: “Haidhuru. Nchi yangu ina watu wengi sana. Akiongezeka mmoja, nani atahesabu?” Hakunitaja kamwe. Alijiita Profesa Wahala, na wahala kwao ni matata. Alikuwa na kipindi kwenye mtandao, kinasikilizwa na vijana wa Durban mpaka Johannesburg, na tangu siku ile alikuwa anakirekodi kwangu kila Jumamosi. Kanuni ilikuwa moja na aliibuni yeye: mgeni wa kipindi anakaa kwenye kiti changu, mimi nanyoa, na Profesa haulizi swali gumu hata moja mpaka nusu ya kichwa iwe imekwisha. Hapo ndipo anaanza. Kwa nini umemkimbia mke wako? Ile miujiza ya mchungaji wako, wewe uliiona kwa macho? Mtu mwenye nusu ya nywele hawezi kutoka nje. Atakasirika, atacheka, lakini atajibu. Wanawake walikuwa wanakaa kwa Mama Odette, pazia limefunguliwa, nusu ya kichwa imefumuliwa, mambo yale yale.

Baada ya kipindi tulikuwa tunakula nyuma, magoti yamegusana, sahani juu ya ndoo zilizogeuzwa. “Mama, chakula hiki hakina pilipili,” Kelechi alikuwa analalamika kila mara, na Mama Odette anamjibu kwa Kiswahili chake, ajue asijue: “Pilipili iko mu kinywa yako, papa. Kula.” Halafu ananigeukia mimi. “Na weye Faustin, utajiita Mnigeria mpaka siku gani? Siku watu watatafuta Mnigeria, utawaambia nini?” Nilicheka na mdomo umejaa. “Mama, hii ni biashara.” “Eeh. Biashara. Mi minaona tu.” Nilimwona mama wa zamani, asiyejua dunia inavyokwenda. Mimi nilikuwa najulikana mpaka Mobeni: watu wa maghala kule walikuwa wanakuja kwangu wakitoka zamu, na mmoja wao, bhuti Sandile, na bhuti kwao ni kaka, mtu mrefu mpole, hakuwa anaruhusu mkono mwingine wowote umguse kichwa. Kila wiki mbili yuko kwenye kiti changu, ananiuliza habari za Lagos, nami namwongezea ghorofa.

Kilichotuharibia kilikuwa dakika moja ya kicheko. Binti mmoja, mwanafunzi wa chuo kule Westville, alikaa kwa Mama Odette, na Kelechi akamuuliza kwa nini wasichana wa hapa wanapenda wavulana wa kigeni. Yule binti alikuwa mchangamfu. Akasema vijana wa kwao wanajua kuahidi, hawajui kuamka asubuhi. Tulicheka sote, hata mteja wangu Mzulu alicheka. Baadaye binti aliwasema vibaya wageni pia, na vikali zaidi, lakini mtu fulani alikata ile dakika ya kwanza peke yake, na sauti ya Kelechi ikicheka kwa nguvu mwishoni, akaisambaza. Ndani ya siku tatu ilikuwa kwenye kila simu ya stendi. Nilikuwa napita kwenye robot, taa za barabarani za njia kuu, nasikia kile kicheko kinatoka mfukoni mwa mtu nisiyemjua. Na mwaka ule mji ulikuwa tayari una joto. Maduka ya wageni yalikuwa yanavunjwa, watu wetu wengine walikuwa wanalala kwenye mahema uwanjani na watoto, moshi ulikuwa unaonekana asubuhi upande ambao jana haukuwapo. Kwenye teksi watu walikuwa wanasema makwerekwere, tusi lao kwa sisi wageni, bila kushusha sauti. Nilianza kusinzia na viatu mguuni. Nilianza kuhesabu hatua kutoka kitini mpaka mlangoni, sita, na kutoka kitini mpaka dirisha la nyuma, tisa. Lakini mdomo wangu ulikuwa haujabadilika. “Mimi wananijua,” nilikuwa namwambia Mama Odette. “Nawanyoa wao wenyewe. Nani atamgusa kinyozi wake?” Na ubao sikuushusha. Niliona kuushusha ni kukiri.

Jumamosi ile Kelechi alikuja mapema, bila miwani, macho mekundu. Alisema leo kitini anakaa yeye. Atajinyolesha, nami nitamuuliza maswali, aeleze kile kicheko, aombe radhi kwa sauti yake mwenyewe. Mama Odette akatoa kichwa nje ya pazia. “Leo? Stendi yote imefunga, na weye unataka kufanya emisyo, ile kipindi yako?” Kelechi akasema wakimsikia watatulia, watu hawamchukii mtu wanayemsikia vizuri. Aliamini hivyo kweli. Aliweka kile kinasa sauti kati ya poda na spiriti, kitaa chake chekundu kikawaka, nikaanza kunyoa. Kwa kanuni yake mwenyewe, sikumuuliza kitu mpaka upande wa kulia ukawa mweupe. Nilikuwa nafungua mdomo kuuliza ndipo tuliposikia kelele za watu wengi zinapanda kutoka kwenye stendi, na miluzi, na bati la kibanda fulani linapigwa. Kelechi aliruka na shuka langu shingoni, akaingia nyuma ya pazia. Mashine ilikuwa bado inalia mkononi mwangu. Sikuwa na akili ya kuizima.

Walioingia walikuwa watano. Wanne walishika fimbo. Wa tano alikuwa bhuti Sandile, na yeye hakushika kitu. Hakunisalimia. Alikuja akakaa kwenye kiti, kilikuwa bado cha moto, akaniangalia kwenye kioo.

“Lagos,” akasema.

“Bhuti.”

“Endelea. Si unanyoa? Ninyoe.”

Nikamfunga shuka jingine, nikaweka mashine kwenye kisogo chake. Niliikamata kwa mikono miwili kama mtu anayeendesha lori. Mmoja wa wale wanne alikuwa anasukuma nywele za sakafuni kwa ncha ya fimbo.

“Hizi za nani?” Sandile akauliza.

“Za mteja. Ameondoka.”

“Ni chache.”

“Alikuwa na haraka.”

Yule mwenye fimbo akaenda kwenye pazia, akalivuta mpaka nusu. Nilifumba macho. Nikasikia sauti ya Mama Odette, ambayo sijawahi kuisikia tena vile: “Huku wanawake wamevua! Hauna mama, weye? Funga!” Sijui kama alielewa Kiswahili, lakini kila mtoto wa mama anaelewa ile sauti. Aliachia pazia kama limemchoma. “Ni wanawake,” akawaambia wenzake, akaangalia chini.

“Yule rafiki yako,” Sandile akasema, “anayecheka. Mnigeria mwenzako. Yuko wapi?”

Hapo ndipo nilipoanza kuongea, na nilipoanza sikunyamaza. Nilisema mimi si Mnigeria. Nilitoa karatasi yangu ya ukimbizi, imekunjwa mara nane, nikaifungua mbele ya uso wake. Mkongo, bhuti, soma, Mkongo.

“Miaka miwili,” akasema taratibu, “unaniambia nyumba ya ghorofa mbili. Nilimsimulia mke wangu ile nyumba.”

“Nilikudanganya, bhuti. Naomba unisamehe. Ubao ni wa biashara tu.”

“Eish, Lagos.” Alionekana ameumia, na hiyo ilinitisha kuliko fimbo.

Nikatoka nje mwenyewe, bila kuambiwa, nikapanda juu ya kreti, nikaung'oa ubao kwa mikono, nikaupasua kwa goti. Nikarudi ndani natokwa damu kwenye vidole, na bado nilikuwa naongea. Nilisema hao Wanigeria ni watu wabaya, sisi Wakongo hatuwapendi pia. Nilisema Kelechi anauza dawa za kulevya. Kelechi, ambaye hata sigara ilikuwa inamkohoza. Nilisema anaharibu mabinti. Na bila mtu kuniuliza mara ya pili alipo, nikasema: anakaa Point, jengo la njano lenye ngazi ya chuma, ghorofa ya tatu, mlango una stika ya kipindi chake. Nikasema hawatafunguliwa wakigonga ovyo. Nikawaonyesha kwa kifundo cha kidole juu ya meza: tatu, kimya, halafu moja. Kitaa chekundu kilikuwa kinawaka karibu na mkono wangu, kati ya poda na spiriti. Nilikiona. Niligonga hata hivyo.

Sandile aliniangalia muda mrefu kwenye kioo. Halafu macho yake yakashuka, yakaenda kwenye pazia, chini kabisa, pale ambapo halikufika sakafuni. Sikuthubutu kufuata macho yake. Mpaka leo sijui aliona nini. Alisimama na kisogo kilichonyolewa vibaya, akavua shuka, akalikunja vizuri, akaliweka kitini. “Twendeni Point,” akawaambia wale wanne. Mlangoni akageuka. “Funga hapa, Mkongo. Usifungue leo.”

Kelechi alipotoka nyuma ya pazia simu ilikuwa mkononi mwake. Kule chumbani Point alikuwa anakaa na Tunde, mpiga picha wake, na Tunde alikuwa amelala. Ile hodi ya siri ilikuwa ya kumfanya Tunde afungue mlango. Wakati mimi nagonga meza, Kelechi alikuwa amepiga magoti kati ya ndoo za Mama Odette anamwandikia ujumbe, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tano: amka, toka, usivae hata viatu. Tunde aliamka kwenye ule wa sita. Aliteremka ile ngazi ya chuma pekupeku na kompyuta kifuani. Waliofika waligonga, tatu, kimya, moja, halafu wakavunja. Kamera, taa, suti, viatu, kanda za miaka yote, kila kitu kilitupwa dirishani au kilichukuliwa. Mtu hakuguswa.

Nilisubiri anipige. Mama Odette alisubiri pia, alikuwa amekumbatia sufuria. Kelechi alikaa kwenye kiti, nusu ya kichwa nyeupe na nusu nyeusi, akajifunga shuka mwenyewe. Akasema neno moja: “Malizia.” Nikamalizia. Mtu mwenye mdomo kuliko wote niliowajua, na mimi niliyekuwa ninamfuata kwa mdomo, tulisikiliza mashine tu. Nilipompangusa shingo alichukua kile kinasa sauti, akaangalia kitaa, akakizima, akakitia kwenye mfuko wa shati.

Wiki mbili baadaye, akiwa amejificha kwa watu Johannesburg, alirudi hewani kwa simu ya kuazima. Wasikilizaji wakamuuliza aliponea wapi. Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni kwa Mama Odette, sikio kwenye simu. Akasema: “Kinyozi wangu alikuwa na akili kunizidi. Mimi niko nyuma ya pazia, yeye anawatuma kwenye chumba kitupu.” Akacheka kile kicheko. Basi. Hiyo ndiyo habari ambayo kila mtu anaijua. Hata uongo wangu mkubwa kuliko wote sikuutunga mimi, nilipewa. Na nimeutumia, sikatai. Nimeusimulia kwa wateja, kwa mke wangu, kwa vijana wangu kumi na wawili, kila mara nikiongeza fimbo moja. Lakini hakuna kipindi chake kimoja nilichokisikiliza kwa amani. Akawa mtu mkubwa, sauti yake ikawa kwenye teksi na kwenye maduka, na kila alipovuta pumzi kabla ya kuanza jambo jipya, mimi nilikuwa nasema kimoyomoyo: ni leo. Leo anabonyeza kile kinasa sauti. Tulionana mara nne tangu mwaka ule, akaja kunyoa, tukala sombe, akalalamikia pilipili. Sikumuuliza kiko wapi. Hakusema.

Adaeze alikuwa bado amesimama. “Nimekitia betri,” akasema, “lakini sijakisikiliza. Nilifikiri ni chako.” Alikuwa ananipa, unaelewa? Ningekichukua, ningeshukuru, ningekipitisha chini ya gurudumu la gari langu, na Jumamosi ningesimama na suti yangu nikalisha watu habari ya chumba kitupu mpaka walie. Hakuna aliyebaki wa kunipinga. Mama Odette alihamia Canada, Tunde hakujua kamwe nani aliwafundisha kugonga, na Sandile akisema atakuwa amejitaja mwenyewe. Nilikiangalia kile kidude. Nikamwambia akae, na nikabonyeza mwenyewe kabla woga haujanishauri.

Sauti yangu ya ujana ni nyembamba kuliko nilivyodhani. Adaeze alisikiliza akiwa ameshika mkoba magotini. Aliposikia ghorofa ya tatu akainua uso. Aliposikia kifundo kwenye meza, tatu, kimya, moja, akanyoosha mkono akakizima.

“Tunde alikuwa ndani?”

“Alikuwa ndani.”

“Ulikuwa unajua?”

“Nilikuwa najua siku zote yuko ndani saa zile. Siku ile nilisahau. Nilisahau hata kaka yako yuko hatua tano nyuma yangu. Niliogopa mpaka nikasahau watu.”

“Na yeye alikuwa anasikia yote haya.”

“Hapo,” nikasema, nikaonyesha mahali ambapo pazia lilikuwa, kwani chumba ni kile kile, ila siku hizi kuna sinki la kuoshea nywele.

Kijana wangu mmoja alikuja kuuliza kitu, nikamfukuza kwa mkono. Halafu Adaeze akabonyeza tena, akasikiliza mpaka mwisho: Sandile anakunja shuka, mlango, miguu, kimya kirefu sana, kaka yake anasema malizia, na baada ya hapo mashine tu, dakika nyingi za mashine, haitulii, kwa sababu mkono ulikuwa bado unatetemeka na unasikika. Machozi yalikuwa yanamtoka lakini hakuyafuta. Kilipozimika akakisukuma juu ya meza mpaka kikagusa vidole vyangu.

“Jumamosi saa nane mchana, Anko,” akasema. “Uje nacho.”

Hakusema kama amenisamehe, nami sikuuliza. Tunde atakuwepo, anakuja kutoka Pretoria na mke wake. Sandile nimesikia bado anafanya kazi Mobeni, labda na yeye atakuja, Kelechi alikuwa na watu wa kila namna. Nimenyoa vichwa ambavyo siwezi kuvihesabu, na tangu Jumanne nimempa kijana wangu mkubwa wateja wangu wote, hata wale mawakili, kwa sababu mkono hautulii. Leo ni Ijumaa. Nimenunua betri mpya.